Taulo la Kocha Marlene

Jumamosi moja ya hivi karibuni mtoto wa miaka sita aitwaye Aline, ninayemfundisha kuteleza, alinipa mkono nimwongoze kwenye barafu, na mkono ule ukaniponyoka kama sabuni ya kuogea. Alikaa chini kwa makalio, akanitazama kwa mshangao, nami nikabaki nimesimama nikinusa kiganja changu. Mafuta ya mgando. Mama yake, Mkongomani anayekaa kwenye maghorofa yaleyale ya Vickery Meadow tuliyokaa sisi, alikuwa jukwaani akitupungia, ameridhika kabisa. Alikuwa amempaka mtoto wake mpaka anang'aa. Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana Kocha Marlene, aliyenifundisha kuteleza, alikuwa amezikwa wiki chache tu kabla ya hapo, na ndiyo kwanza nilikuwa nimeelewa habari ya lile taulo lake. Au nilidhani nimeelewa.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Dallas mtaukumbuka uwanja ule wa barafu ulio ndani ya jengo la maduka, watu wamekaa ghorofa ya juu wanakula bisi na kuwatazama nyinyi mkianguka. Nje jua linayeyusha lami, ndani pua inatiririka. Sisi tulipelekwa na basi la mradi wa watoto wakimbizi, ili tusishinde mbele ya televisheni. Wengi walikwenda mara moja wakasema baridi ile ni ya watu wenye wazimu. Mimi nilirudi. Nilizaliwa kambini kule Kigoma, kwenye vumbi jekundu, na sikuwahi kuwaza kwamba kuna sakafu inayoweza kukupeleka mbele bila wewe kuinua mguu. Niliipenda kwa wivu, kama vile kuna mtu atakuja kuninyang'anya.

Kocha Marlene alikuwa mwanamke mfupi, mzungu wa hukohuko Texas, goti lake moja limefungwa bendeji daima. Alipokasirika hakupiga kelele. Alinong'ona. Kwetu Warundi mtu mzima akikugombeza anasikika mpaka kwa jirani, na ukiona watu wazima wananong'ona ujue kuna msiba. Kwa hiyo kila alipoinama kuninong'oneza kwamba goti langu halijakunjika vizuri, mimi moyo ulinilipuka nikidhani kuna mtu amekufa. Ilinichukua muda mrefu kuzoea, na sina hakika kama nilizoea kweli.

Alinitia kwenye kundi la wasichana wanaoteleza kwa pamoja. Huu si ule mchezo wa mtu mmoja kuruka na kujizungusha. Hapa mnashikana mikono, mnafanya mistari na maduara, na mmoja akikosea wote mmekosea. Nilipomweleza Mama, alisema ndio mchezo wa maana, kidole kimoja hakivunji chawa. Kipande kilichotutesa kilikuwa gurudumu. Wasichana mnashikana mkono kwa mkono katika mstari mmoja mrefu, na mstari wote unazunguka kama mshale wa saa. Wa katikati anasogea taratibu, wa mwisho anakwenda kasi ya kutisha. Wa mwisho nilikuwa mimi. Kilichonizuia nisirushwe ukutani kilikuwa mkono wa Mwende, binti wa nesi mmoja Mkenya, rafiki yangu wa damu.

Kulikuwa pia na msichana wa akiba. Alijua hatua zetu zote, na kila mazoezi alikaa kwenye benchi amevaa viatu tayari, kamba zimekazwa. Hakuwa mbaya, maskini, lakini mimi nilimwogopa kuliko majaji. Nafasi yangu ilikuwa yangu mpaka siku nitakayoikosea.

Mama wakati huo alifanya kazi Garland, kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa. Habari za baridi aliwazidi wote waliokuwa uwanjani pale. Mikono yake ilipasuka mpaka ikatoa damu. Kila asubuhi kabla ya kutoka aliipaka mafuta ya mgando, kisha akanigeukia mimi: uso, shingo, miguu, mikono, mpaka katikati ya vidole. Kwa Mama, mtoto aliyepauka ni mtoto asiye na wenyewe. Mazoezini mafuta yale hayakudhuru kitu, kwa sababu sote tulivaa glovu. Lakini kwenye mashindano Kocha alizikataza glovu. Alisema siku hiyo lazima mkono usikie mkono.

Mashindano yetu ya kwanza yalikuwa Houston. Tulisafiri na Mama Mwende kwa gari lake, tukafikia Katy kwa dada yake, katika nyumba mpya yenye ngazi ndani na zulia jeupe ambalo Mama alilizunguka pembeni, akiogopa kulikanyaga. Mama alikuwa na wasiwasi njia nzima. Watu walimwita Mama Eric, kwa jina la kaka yangu.

"Mama Eric, wewe relax bana," Mama Mwende alimwambia akiwa kwenye usukani. "Hawa watoto wako sawa kabisa. Wata-win hii kitu, utaona."

"Tusiseme hivyo," Mama akajibu. "Tumwachie Mungu."

Kiti cha nyuma sisi tulishaanza kusema. "We're gonna win," Mwende alininong'oneza, akanyoosha mkono, nami nikaupokea, tukaapa kwamba tutashinda. Ulikuwa mkono uleule wa gurudumu, wake wa kulia, wangu wa kushoto. Mama aligeuka akatuona.

"Nyie watoto! Msiapie jambo ambalo hamjaliona. Mdomo huponza kichwa."

Asubuhi alinipaka mafuta kama vile ananipeleka kwenye komunyo ya kwanza. "Leo unasimama mbele ya watu," alisema, akisugua kila kidole. Nilivyojitazama kwenye kioo cha wenyewe niling'aa kama sufuria mpya, na nilijipenda sana.

Tuliingia uwanjani. Muziki ukaanza. Mistari ikaenda vizuri, duara likaenda vizuri, nikamsikia Mwende anapumua karibu yangu. Gurudumu likaanza kuzunguka, kasi ikapanda, upepo ukanipiga usoni, na hapo ndipo nilipohisi vidole vyake vinapita ndani ya vyangu, kimoja baada ya kingine, taratibu, kama watu wanaoagana. Nilikaza. Nilikaza kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu, na kadiri nilivyokaza ndivyo vilivyozidi kutoka.

Niligonga ubao wa ukuta kwa bega. Mwende naye akapiga magoti katikati ya uwanja. Muziki haukutusubiri. Kocha alikuwa ametufundisha kwamba ukianguka unainuka na kutafuta nafasi yako, basi niliinuka, nikaitafuta kupitia machozi, nikasimama kwenye mstari wa mwisho nikitabasamu kama tulivyoagizwa. Hakuna tabasamu lililowahi kuniuma vile.

Mlangoni Kocha alinipa mkono kunitoa kwenye barafu. Mkono wake ulitaka kuniponyoka. Akautazama. Akasugua kidole gumba kwenye kiganja, akakifuta kwenye suruali yake, kisha akainua macho akamtafuta Mama kule jukwaani, akamwangalia kwa muda mrefu. Mama alikuwa amesimama, mkoba ameukumbatia kifuani. Hakuna aliyepepesa macho. Mimi nilijua wanachosemezana: kwamba mtoto huyu hafai.

Kwenye korido mambo yalizidi. Mwende alikuwa analia. Mama yake alimfunga goti kwa haraka, kwa mikono ya kinesi, kisha akamgeukia Mama mbele ya Kocha.

"Mama Eric, usi-feel vibaya, sawa? Lakini tuseme tu ukweli. Huyu wako bado ni mdogo, mkono haujapata nguvu. Si a-rest kidogo, yule mwingine ashike hiyo place? Mtu ataumia."

"Kocha ndiye atakayesema," Mama alijibu kwa sauti ndogo.

Kocha akaniuliza mimi wanasemaje. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa Mama, kwa daktari, shuleni, dukani, kila mahali. Nilikuwa nimetafsiri mambo mengi yaliyonizidi umri. Nikasimama pale na gauni langu la mng'aro, nikamtafsiria Kocha kila neno, pamoja na yale ya kuniondoa kwenye nafasi yangu. Sikuruka kitu.

Kocha alisikiliza. "Mwambie mama yako..." akaanza, halafu akanyamaza. Alinitazama mimi, akamtazama Mama Mwende aliyekuwa akisubiri, akautazama uso wa Mama. Kisha akanong'ona, "Mwambie kosa ni langu. Niliwapa kasi kubwa mno."

Nikatafsiri. Sikuamini hata kidogo. Mimi nilijua kosa ni la nani. Lilikuwa la mkono wa kushoto, ule ulioapa. Mungu alikuwa ameusikia ndani ya gari na ameujibu.

Tukarudi Dallas. Njia nzima Mama alijitazama viganja tu, nami nikaona nimemwaibisha. Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Kocha alimwingiza msichana wa akiba kwenye gurudumu siku moja, siku ya pili akanirudisha mimi, siku ya tatu tena yeye. Nilipomuuliza ni nani atakayeteleza kwenye mashindano yajayo, yaliyokuwa yafanyike palepale nyumbani, alinong'ona, "Nitaamua siku yenyewe." Nililala na mpira wa tenisi mkononi nikiuminya. Nilikanda ngano ya chapati za nyumba nzima mpaka Eric akaniuliza kama naolewa. Mwende alinisemesha, lakini kila tuliposhikana nilimhisi akinishika kama mtu anayeshika chungu chenye ufa.

Ikafika Alhamisi Kuu. Kanisani kwetu Padre alivua joho, akapiga magoti mbele ya wazee wa parokia, akawaosha miguu na kuifuta kwa taulo jeupe, mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimeona jambo hilo kila mwaka. Mwaka ule nililitazama kwa njaa. Nilitamani kuwe na mtu wa kuuosha mkono wangu.

Asubuhi ya mashindano Mama alinipaka mafuta harakaharaka, bila kumalizia. Uso, shingo, miguu, mikono juujuu, akafunga kopo. Hakusugua vidole. Hakusema habari za kusimama mbele ya watu. Nikajua amekata tamaa na mimi, na hilo liliniuma kuliko ule ubao wa Houston.

Tulikusanyika chumba cha kuvalia. Sote tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi, msichana wa akiba naye, tumevaa, tumesukwa, tumepakwa rangi ya midomo. Hakuna aliyejua nani atateleza. Kocha akaingia na chupa ya chai na taulo jeupe. Alimimina maji ya moto kwenye pembe moja ya taulo, akaja moja kwa moja mbele yangu, na akapiga magoti. Kwa goti lile bovu. Nilisikia linavyolia.

Akauchukua mkono wangu wa kushoto. Akaufuta kiganja, kisha nyuma, kisha kidole kimoja kimoja, mpaka kwenye makutano yake, kama mtu asiye na haraka duniani, na nje tayari jina la kundi lililotutangulia lilikuwa linatangazwa. Akageuza upande mkavu, akaukausha. Akafanya hivyo hivyo na wa kulia. Hakuna aliyecheka. Mimi machozi yalinitoka waziwazi, maana nilielewa kabisa kinachotendeka: nilikuwa nasamehewa.

"Sasa shika," akaninong'oneza.

Kisha akaenda kwa Mwende, naye akamfuta, na kwa wengine wote, hata msichana wa akiba, ambaye baada ya kufutwa aliambiwa akae. Nafasi ilikuwa yangu.

Nataka mjue hofu niliyoingia nayo. Nilikuwa nahesabu hatua kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Gurudumu lilipoanza, Mwende alinitazama kwa jicho la pembeni, nami nikamtazama, na hatukuapa chochote. Kasi ikapanda. Upepo ukaja. Bega langu lililoumia likavutwa mpaka likauma upya. Mkono ukashika. Ukashika mzunguko wa kwanza, ukashika wa pili, na mstari uliponyooka mwishoni bado nilikuwa nimemshika mpaka akaninong'oneza, "You can let go now," nami nikamwachia. Hatukushinda, tulikuwa wa nne. Mama Mwende alipiga kigelegele kilichowageuza majaji, akamkumbatia Mama kwa nguvu.

"Mama Eric, nilikosea, mimi nimekosea kabisa!"

Tangu siku hiyo Kocha hakuacha. Kila mashindano, mpaka nilipokua na kutoka kwenye kundi, alikuja na chupa na taulo, akapiga magoti, akaanza na mimi. Niliingia uwanjani mara zote hizo nikiwa mtu aliyeoshwa.

Sasa mnaelewa kwa nini nilisimama kwenye barafu nikinusa kiganja changu kama kichaa, mtoto wa watu amekaa chini. Kumbe yalikuwa mafuta! Hapakuwa na msamaha wala baraka. Kocha aliyajua mafuta tangu Houston, ila kuyasema kungemfikia Mama kupitia kinywa changu, mbele ya Mama Mwende, na Mama angejua kwamba mapenzi yake ndiyo yaliyoniangusha. Kwa hiyo alichagua kupiga magoti. Nilimshukuru sana, na nitawaambia kweli, nilihuzunika pia. Nilikuwa nimeishi miaka mingi na ule msamaha wangu, na sasa ulikuwa umegeuka kuwa usafi wa mikono.

Jumapili nilikwenda Garland, anakokaa Mama siku hizi. Nilimkuta jikoni anachambua maharage. Niliona amezeeka vya kutosha kuambiwa, nikamweleza taratibu, nikimpunguzia makali: Houston, mafuta, taulo. Alinisikiliza bila kuinua kichwa.

"Unaniambia mimi?" akasema. "Nilimwona anafuta mkono kwenye suruali. Kwani mimi sina macho? Nilitamani ardhi inimeze."

"Ulijua?"

"Siku ileile. Toka Houston, kila siku ya mashindano nilikuwa nakupaka mpaka kwenye kifundo cha mkono, basi. Vidole sikugusa tena."

Nilivuta kiti nikakaa. Asubuhi ile ya mafuta ya harakaharaka ilinirudia yote, na kopo lililofungwa mapema.

"Sasa kama vidole vilikuwa vikavu," nikamuuliza, "Kocha alikuwa anafuta nini?"

Mama alitoa kijiwe kwenye maharage, akakiweka pembeni.

"Hata mimi nilijiuliza. Mwanzo nilidhani hajui kwamba vidole ni vikavu. Mafuta yanakaa kwenye taulo, mwanangu, anayelifua lazima aone. Halafu mara moja alinipa nimshikie alipokuwa anafunga kamba za mtu. Lilikuwa limeshawafuta nyote. Jeupe, halina doa, halina hata harufu. Nikamtazama, akanitazama. Alijua mimi nimejua. Kiingereza sina, yeye Kiswahili hana. Nikamrudishia taulo lake."

"Mbona hukuniambia nikutafsirie?"

"Niseme nini? Kwamba aache?" Aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Ulikuwa ukitoka pale unasimama wima. Nikasema, acha afute."

Nililia palepale mezani, mtu mzima mimi, na Mama akaniacha nilie, akiendelea na maharage yake.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda uwanjani na chupa ya chai na taulo. Nilipiga magoti nikaifuta mikono ya Aline, kidole kimoja kimoja, na mama yake akatuangalia kutoka jukwaani, safari hii hapungi mkono. Wiki iliyofuata mtoto alikuja mikono yake mikavu kabisa. Nikafungua chupa, nikalowesha taulo, nikapiga magoti, nikamfuta.